Ajira ya Ualimu wa Shule ya Msingi Ughaibuni: Cheti, Leseni na Mdhamini wa Viza

Kazi ya ualimu yenye udhamini wa viza ni ile ambayo mwajiri, au taasisi iliyoidhinishwa na serikali ya nchi anakokwenda mwalimu, huithibitishia idara ya uhamiaji kwa maandishi kwamba mwalimu huyo anahitajika: shule gani, darasa gani, kwa mshahara gani na kwa muda gani. Anayethibitisha hayo ndiye mdhamini. Hubeba wajibu wa kisheria wa kuhakikisha kwamba kazi ipo kweli na kwamba mwalimu anaifanya, na akikiuka masharti anaweza kunyang'anywa kibali cha kudhamini. Kwa hiyo udhamini hauwezi kuwa barua ya mwaliko kutoka kwa ndugu aliyeko ng'ambo, wala hauuzwi dukani. Upande wa mwalimu, viza hufungwa kwa mdhamini huyo. Akiacha kazi, au mdhamini akifutiwa kibali, haki yake ya kukaa nchini nayo hutikisika.

Safari ya kuipata kazi hiyo ina mpangilio wake. Kwanza cheti hulinganishwa na vyeti vya nchi husika, kisha hutazamwa kama kinatosha kupata leseni ya kufundisha. Baada ya hapo hutafutwa nafasi na mdhamini, na viza huja mwisho kabisa. Walimu wengi wa Afrika Mashariki huanzia mwisho: humtafuta mtu wa kuwapatia viza kabla ya kujua kama cheti chao kinatambulika kule wanakotaka kwenda. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa kuwa hakuna wakala awezaye kuziba pengo la sifa.

Ngazi za shule na uzito wa cheti

Shule ya msingi haina mipaka ileile kila mahali. Marekani ngazi hiyo huanzia kindergarten, darasa la watoto wa miaka 5, na katika maeneo mengi huishia darasa la tano. England huanzia Reception, kwa watoto wa miaka 4 hadi 5, na kuishia Mwaka wa 6, mtoto akiwa na miaka 10 au 11. Kenya, chini ya mtaala wa umilisi ulioanza 2017, elimu ya msingi inaishia Gredi ya 6. Kwa hiyo mwalimu aliyezoea darasa la saba Tanzania hawezi kudhani kwamba uzoefu huo utahesabiwa kuwa wa msingi Marekani. Wanafunzi wa umri huo kule wako shule ya kati.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye cheti. Kwa miaka mingi walimu wa msingi wa Tanzania waliandaliwa kwa cheti cha Daraja A, na wa Kenya kwa cheti cha P1. Vyote viwili ni vya miaka 2 chuoni. Kenya iliacha kuandaa walimu wapya wa P1 na kuanza stashahada ya ualimu wa msingi mwaka 2021. Marekani na England humtaka mwalimu wa msingi awe na shahada ya kwanza. Mwenye Daraja A au P1 peke yake, hata akiwa na miaka 20 darasani, hawezi kupita katika njia kuu za nchi hizo. Aliyejiendeleza hadi shahada ya elimu, hasa ya elimu ya msingi au ya awali, ana msingi wa kuanzia.

Marekani, ulinganisho wa vyeti hufanywa na mashirika binafsi ya tathmini, mengi yakiwa wanachama wa NACES, muungano ulioanzishwa 1987. Mtathmini hatosheki na jina la cheti. Huangalia sharti la kuingia chuoni, miaka ya masomo, chombo kilichotoa cheti, na masomo yaliyosomwa moja baada ya jingine. Kuna ripoti ya jumla, inayosema tu kwamba cheti kinalingana na shahada ya Marekani, na kuna ripoti ya somo kwa somo, yenye alama na saa za kila somo. Kwa leseni ya ualimu, inayotakiwa mara nyingi ni hii ya pili. England na sehemu nyingine za Uingereza kazi hiyo hufanywa na ECCTIS.

Kwa kawaida mtathmini hataki kivuli kilichogongwa muhuri na mwalimu mwenyewe. Hutaka chuo kitume matokeo moja kwa moja, kwa bahasha iliyofungwa au kwa mtandao. Hapa majina huleta usumbufu mkubwa. Cheti cha kidato cha nne kina majina mawili, cha chuo kina matatu, pasipoti ina jina la mume, na herufi moja imeachwa katikati. Kila tofauti ya namna hiyo hudai hati ya kiapo au hati ya kubadili jina, nayo huandaliwa kabla ya kutuma maombi. Matokeo ya mitihani ya taifa huthibitishwa na baraza la mitihani, NECTA kwa Tanzania na KNEC kwa Kenya, na foleni ya uthibitisho inaweza kuchukua wiki kadhaa. Vyeti vilivyopotea au kuharibika vifuatiliwe mapema, wakati bado hakuna tarehe ya mwisho inayombana mwalimu.

Marekani: viza ya J-1

Mlango ulio wazi zaidi kwa mwalimu wa msingi aliyesomea nje ya Marekani ni J-1, viza ya ubadilishanaji wa walimu. Mpango huo unasimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani chini ya sheria ya mwaka 1961 ya ubadilishanaji wa elimu na utamaduni. Katika mpango huu shule ndiyo mwenyeji na mlipaji wa mshahara, na mdhamini ni taasisi iliyoteuliwa na wizara hiyo. Baadhi ya wadhamini ni mashirika, na baadhi ni idara za elimu za majimbo. Jimbo la North Carolina lina historia ndefu ya kupokea walimu kwa njia hii. Shirika ambalo leo linaitwa Participate Learning lilianza kazi hiyo huko mwaka 1987.

Masharti ya J-1 yanafahamika. Mwombaji awe na shahada inayolingana na shahada ya kwanza ya Marekani katika elimu au katika somo atakalofundisha. Awe na uzoefu wa kufundisha usiopungua miaka 2. Atimize viwango vya jimbo analokwenda, awe na mwenendo mwema, na Kiingereza chake kitoshe kuendesha darasa. Lipo pia sharti ambalo huwanyima nafasi wengi bila wao kujua: wakati wa kuomba, mwalimu awe anafundisha katika nchi yake. Asiyefundisha wakati huo atafikiriwa tu ikiwa amemaliza shahada ya juu ndani ya miezi 12 iliyopita na ana miaka 2 ya kufundisha kwa muda wote ndani ya miaka 8. Kwa hiyo mwalimu anayeacha kazi ili apate muda wa kutafuta ajira ya nje hujifungia mlango mwenyewe.

Muda wa J-1 ni miaka 3, na unaweza kuongezwa mwaka 1 au 2 kwa ombi la shule na mdhamini, hivyo ukomo ni miaka 5. Baada ya hapo mwalimu hurudi nyumbani, na anaweza kuomba tena akiwa amekaa nje ya Marekani miaka 2 na bado anatimiza masharti. Akiwa huko hufundisha kwa muda wote, angalau saa 32 kwa wiki zikijumuisha maandalizi na shughuli nyingine za kazi. Kila mwaka hutakiwa kufanya shughuli ya kitamaduni shuleni au katika jamii inayomzunguka, na nyingine ya kuwaunganisha wanafunzi wake na wanafunzi wa nje ya Marekani, ikiwezekana wa nchi yake. Kwa mwalimu kutoka Mombasa au Moshi hiyo ni nafasi ya kuzikutanisha shule mbili, ya kule na ya nyumbani.

Mdhamini akimkubali, hutoa fomu ya DS-2019. Kwa fomu hiyo mwalimu hulipa ada ya SEVIS (mfumo wa serikali wa kufuatilia wageni wa aina hii), dola 220, na ada ya maombi ya viza, dola 185 kwa viwango vya mwaka 2025, kisha huenda ubalozini kwa usaili. Afisa hutaka kuridhika kwamba mwalimu atarudi nyumbani muda ukiisha. Bima ya afya ni ya lazima, nayo sharti ifidie walau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali. Mke, mume na watoto wa chini ya miaka 21 wanaweza kusafiri kwa viza ya J-2.

Uraia nao una uzito. Tangazo la rais wa Marekani la Juni 2025 lilisimamisha viza za kundi la J kwa raia wa Burundi, na la Desemba 2025 liliiingiza Tanzania katika nchi zilizowekewa vizuizi vya namna hiyo. Maamuzi ya aina hii hubadilika, kwa hiyo tovuti ya ubalozi isomwe kabla ya kulipa ada yoyote.

H-1B

Njia ya pili ya Marekani ni H-1B, viza ya kazi za kitaaluma. Hapa mdhamini ni mwajiri mwenyewe, yaani wilaya ya shule, na muda unaweza kufika miaka 6. Lakini ina mabonde mawili. La kwanza ni idadi: viza mpya ni 85,000 kwa mwaka kwa taaluma zote, maombi huwa mengi kuliko nafasi, na washindi hupatikana kwa mchujo unaofanyika kila Machi kwa kazi zinazoanza 1 Oktoba. Mwaka wa shule huanza Agosti, hivyo tarehe hizo haziwafai walimu. La pili ni gharama: tangazo la Septemba 2025 liliweka malipo ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya Marekani. Ni wilaya chache za shule zinazoweza kubeba mzigo huo. Mtu anayemwahidi mwalimu aliyeko Kisumu au Dodoma viza ya H-1B kwa urahisi anapaswa kuulizwa maswali mengi.

England

England hutumia viza iitwayo Skilled Worker, iliyoanza Desemba 2020. Mdhamini ni shule, au taasisi inayomiliki shule kadhaa, yenye leseni ya kudhamini kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza. Shule hiyo humpa mwalimu cheti cha udhamini, ambacho kwa kweli ni namba katika mfumo wa kompyuta. Viza inaweza kutolewa hadi miaka 5 na huweza kuongezwa.

Kikwazo kikubwa ni hadhi ya ualimu inayotambulika huko, ijulikanayo kama QTS. Februari 2023 serikali ilifungua mlango kwa walimu wa nchi 9 zaidi, zikiwemo Ghana, Nigeria, Zimbabwe na Afrika Kusini, waombe QTS kwa vyeti vyao vya nyumbani. Kenya, Tanzania na Uganda hazikuwemo. Hata kwa nchi hizo nne za Afrika, mlango ulikuwa wa walimu wa hisabati, sayansi na lugha kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 16. Mwalimu wa msingi hakuhusika. Njia inayompa mwalimu wa Afrika Mashariki matumaini zaidi ni iQTS, mafunzo ya vyuo vya England ambayo mtu huyasoma akiwa nchini kwake na kufanya mazoezi katika shule za huko aliko. Hudai shahada, na kwa ngazi ya msingi hudai pia ufaulu wa Kiingereza, hisabati na sayansi unaolingana na GCSE, mtihani wa sekondari wa huko. Ada yake ni kubwa, lakini anayeimaliza huwa na hadhi inayolingana na QTS.

Mwalimu mwenye hadhi hiyo huanza kwa ngazi ya mshahara ya M1, ambayo nje ya London ni pauni 32,916 kwa mwaka tangu Septemba 2025. Asiye nayo, pale shule inapoweza kumwajiri, hulipwa kwa ngazi ya chini zaidi, na mshahara huo unaweza kupungua kuliko kima kinachodaiwa na sheria ya viza. Tangu Januari 2026 mwombaji mpya huthibitisha Kiingereza cha kiwango cha B2. Kenya na Tanzania hazimo katika orodha ya nchi zinazosamehewa mtihani, ingawa shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza, ikithibitishwa na ECCTIS, inaweza kutosha. Kuna pia ada ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, inayolipwa yote kabla ya safari. Kwa viza ya miaka 3 hiyo ni pauni 3,105 kwa mwalimu peke yake, bila familia.

Ghuba na Asia

Katika nchi za Ghuba, shule binafsi za mtaala wa Kiingereza, wa Kimarekani au wa Kihindi huajiri walimu wengi wa nje, na shule ndiyo inayoshughulikia kibali cha kazi na cha ukaazi. Shahada ya ualimu hutakiwa pia, na mara nyingi uzoefu wa miaka 2. Falme za Kiarabu hudai vyeti vipitie ngazi kadhaa za mihuri: wizara ya elimu na wizara ya mambo ya nje za nyumbani, ubalozi wa Falme hizo, kisha wizara yao ya mambo ya nje. Oman, kwa upande wake, imo katika Mkataba wa Apostille wa kurahisisha uthibitisho wa hati, na Burundi imo tangu 2015 na Rwanda tangu 2024. Kati ya nchi wanachama muhuri mmoja hutosha.

Manufaa ya Ghuba yako kwenye marupurupu: nyumba au posho ya nyumba, tiketi ya likizo ya kila mwaka, bima ya afya, na kiinua mgongo. Sheria ya Falme za Kiarabu humpa mfanyakazi mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka wa miaka 5 ya mwanzo. Hesabu hiyo hutumia mshahara wa msingi, haihusishi posho. Kwa hiyo mwalimu atazame kwenye mkataba mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho ni kiasi gani, asiridhike na jumla yake.

Kwa upande wa Asia, Korea Kusini hutoa viza ya E-2 ya kufundisha Kiingereza kwa raia wa nchi 7 tu, na Afrika Kusini ndiyo pekee ya Afrika. Tangazo la kazi ya namna hiyo linalowalenga Wakenya au Watanzania halina msingi wa kisheria.

Kutafuta nafasi

Nafasi za ualimu zina msimu. England, mwalimu anayetaka kuondoka mwisho wa mwaka wa shule hutakiwa kutoa taarifa si baada ya 31 Mei, na ndiyo maana matangazo huwa mengi kati ya Machi na Mei. Shule za Ghuba, zinazofungua mwishoni mwa Agosti, huanza kuajiri Januari. Wadhamini wa J-1 huhitaji miezi mingi ya maandalizi, kwa hiyo mwalimu anayelenga Agosti huanza kukusanya hati mwaka mzima kabla.

Pa kutafutia panajulikana na hapana malipo. Serikali ya Uingereza huchapisha orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini. Shule nyingi za msingi huonekana humo kwa jina la taasisi mama, kwa hiyo asiyeliona jina la shule atafute la mmiliki wake. Tovuti ya serikali ya nafasi za ualimu za England huonyesha pia kama shule iko tayari kudhamini. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huchapisha orodha ya wadhamini wa J-1, na Wizara ya Elimu huchapisha kila mwaka maeneo yenye upungufu wa walimu kwa kila jimbo. Orodha hiyo ina funzo kubwa. Upungufu haulingani kila mahali: elimu maalumu hujitokeza katika majimbo mengi kuliko ualimu wa kawaida wa madarasa ya msingi. Mwalimu wa msingi aliyeongeza mafunzo ya kufundisha watoto wenye mahitaji maalumu huwa na nafasi bora kuliko mwenzake aliyebaki na shahada ya jumla.

Wasifu wa mwalimu uonyeshe madarasa aliyofundisha, umri wa watoto, masomo na lugha ya kufundishia. Pamoja nao huenda barua za watu wawili au watatu wanaoweza kumshuhudia, mmoja akiwa mwalimu mkuu wa sasa, na barua ya uthibitisho kutoka chombo kilichomsajili: Kenya ni Tume ya Huduma kwa Walimu. Polisi hutoa cheti cha mwenendo, na aliyewahi kuishi nchi nyingine huweza kutakiwa kuleta cha huko pia.

Usaili

Usaili hufanyika kwa video, na mara nyingi huhusu namna ya kufundisha kuliko nadharia ya elimu. Darasa la msingi la Marekani au England lina mwalimu mmoja anayefundisha karibu masomo yote, na watoto hukaa kwa makundi kulingana na uwezo wao wa kusoma na kuhesabu. Swali la kawaida ni la mtoto wa darasa la tatu asiyejua kusoma. Mwalimu anayejibu kwamba atampa mazoezi zaidi na kumwita mzazi ameonyesha nia njema, lakini hajaonyesha ufundi. Jibu lenye uzito huanza na upimaji: mtoto anazijua sauti za herufi zipi, anaunganisha silabi au anabahatisha neno kwa kutazama picha. Kisha huja mpango: dakika 15 kila siku katika kundi la watoto wanne au watano, sauti zinazofuatana kwa utaratibu, kumbukumbu ya maendeleo ya kila wiki, na kupima tena baada ya muda uliopangwa. Mwalimu aliyefundisha KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) katika madarasa ya mwanzo ameifanya kazi hii kwa miaka. Anachohitaji ni kuieleza kwa hatua na kwa mifano ya watoto aliowafundisha, bila kutaja majina yao.

Swali jingine la lazima ni la nidhamu na usalama wa mtoto. Viboko katika shule za serikali za England vilikatazwa kwa sheria ya mwaka 1986, na leo kumpiga mtoto humaliza ajira na huweza kumfikisha mtu mahakamani. Msaili hutaka kusikia mwalimu anavyojenga taratibu za darasa, anavyomtuliza mtoto aliyekasirika, na atakayemwarifu mara moja akiona dalili za mtoto kuteswa nyumbani. Hatua ya mwisho huwa ni somo la majaribio, ana kwa ana au kwa video. Andalio fupi lenye lengo moja linalopimika hushinda somo la mambo mengi.

Mkataba na gharama

Kabla ya kutia saini, mwalimu anapaswa kuwa na maandishi yanayotaja shule, darasa, tarehe ya kuanza na kumaliza, mshahara kwa mwaka, makato, bima, na nani analipa nini. Mishahara ya shule za umma za Marekani hufuata jedwali linalochapishwa, kwa hiyo ahadi ya wakala inaweza kuhakikiwa. Kwa mfano, mwalimu mwenye shahada anayeanza North Carolina alikuwa na kima cha jimbo cha dola 41,000 kwa mwaka wa shule wa 2024–25, kabla ya nyongeza ya wilaya. Kiasi hicho hupimwa na pango la nyumba, kodi, bima na gari, maana katika miji midogo mwalimu asiye na gari hafiki kazini. Mshahara wa kwanza huweza kuchelewa mwezi au zaidi baada ya kuwasili, na mwenye nyumba hudai amana mapema. Akiba ya miezi miwili ya matumizi ni sehemu ya maandalizi kama ilivyo tiketi.

Zipo gharama ambazo sheria imempa mwajiri. Tangu mwisho wa 2024 mdhamini wa Skilled Worker haruhusiwi kumbebesha mfanyakazi gharama ya leseni ya udhamini au ya cheti cha udhamini. Falme za Kiarabu, kwa sheria ya kazi ya mwaka 2021, zinakataza mwajiri kumtoza mfanyakazi gharama za kuajiriwa. Kwa H-1B, ada za maombi ni za mwajiri. Mwaka 2011 Wizara ya Kazi ya Marekani iliibana wilaya ya shule ya Prince George's County, Maryland, iliyokuwa imewaachia walimu wa kigeni mzigo wa ada hizo. Ilikubali kuwalipa walimu 1,044, wengi wao kutoka Ufilipino, jumla ya takriban dola milioni 4.2. Katika J-1 mdhamini anaweza kutoza ada, lakini hulazimika kuzitaja mapema kwa maandishi.

Dalili za ulaghai

Matapeli hutumia majina ya shule za kweli. Dalili zao ni chache na hujirudia: ajira bila usaili, malipo ya kushikilia nafasi, barua pepe isiyo ya shule, agizo la kusafiri kwa viza ya utalii na kubadilisha ukifika, au kuzuia pasipoti. Dawa yake ni kupiga simu shuleni kwa namba iliyo kwenye tovuti yake rasmi na kumtafuta mdhamini katika orodha ya serikali. Kenya, wakala wa ajira za nje hupaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha ya waliosajiliwa iko wazi. Tanzania, wakala wa ajira hupewa leseni na ofisi ya serikali inayosimamia kazi na ajira. Shamba au nyumba isiwekwe rehani kwa ahadi ambayo haijathibitishwa na upande wa pili.

Kuaga kazi ya nyumbani

Mwalimu aliye katika utumishi wa umma haondoki kimyakimya. Kutoweka kazini huhesabiwa utoro, na utoro huandikwa kwenye jalada na kuharibu barua ya mwenendo ambayo mwajiri mpya ataidai. Ombi la likizo bila malipo, au la kuacha kazi kwa taarifa, lipelekwe kwa maandishi mara viza inapotoka, si kabla. Mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara na deni la bodi ya mikopo hupangiwa namna mpya ya kulipwa. Michango ya mfuko wa pensheni iulizwe kama inaweza kuendelezwa kwa hiari. Usajili wa ualimu nyumbani uhuishwe kila unapokaribia kuisha, na kila mwaka wa kazi ughaibuni uambatane na barua ya shule yenye darasa, masomo na tarehe. Viza ya J-1 ina mwisho wake hata kwa mwalimu bora, na barua hizo ndizo zitakazompa nafasi katika shule ya nyumbani au katika maombi yajayo.